Si mtoro, anauguza: barua ya wazi kwa mawaziri wanne

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Waziri wa Afya. Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Na Waziri wa Nchi anayesimamia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI).

YAH: WATOTO NA VIJANA WANAOUGUZA NDUGU ZAO NYUMBANI

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mwalimu wa darasa, Kidato cha Pili, katika sekondari moja ya kata mkoani Tanga. Ninapoandika barua hii, rejesta ya mahudhurio ya mwaka jana iko mezani, imefunguliwa. Kuna mstari mmoja ambao ukiutazama kwa mbali unafanana na ngozi ya mtoto mwenye surua: alama nyekundu toka Januari hadi Novemba, nyingi zikiwa Jumanne, nyingine Ijumaa. Nimezihesabu. Ni 31. Zote nimeziandika mimi kwa mkono wangu, na kila moja maana yake ni neno lilelile: utoro.

Mwenye mstari huo ni kijana wa miaka 15. Nilimwita mara kadhaa. "Jumanne ulikuwa wapi?" "Nilikuwa na udhuru, mwalimu." "Udhuru gani?" Anatazama ncha za viatu. Basi nikawa nampeleka kwa mwalimu wa nidhamu, na huko, sina haja ya kuwaeleza, hakuna aliyewahi kukaribishwa chai. Agosti jina lake likaenda kwa mtendaji wa kata, maana ndivyo utaratibu unavyotaka kwa mtoro sugu. Mtendaji akaandika wito: mzazi afike ofisini Alhamisi saa tatu asubuhi bila kukosa, vinginevyo hatua za kisheria zitachukuliwa dhidi yake. Mzazi hakufika. Ikabidi tumfuate sisi: mtendaji, mgambo mmoja, na mimi.

Tulimkuta mama amelala kwa ubavu, uso umeelekea ukutani. Wito wa mtendaji ulikuwa umechomekwa kwenye mti wa ukuta juu ya kitanda, pamoja na kadi za hospitali, kwa heshima zote. "Karibuni wanangu," alisema. "Mnisamehe sijainuka." Huo ulikuwa mwaka wa pili hajainuka. Kiharusi kilichukua upande wa kulia, sukari ikamalizia mguu uliobaki. Mwanawe alikuwa uani anafua mashuka. Alipotuona alikausha mikono kwenye suruali ya shule, akatuamkia mmoja mmoja, akaingia ndani kututafutia pa kukaa. Palikuwa na kigoda kimoja. Mgambo alisema anatoka kidogo kuangalia pikipiki, na hakurudi mpaka tulipoondoka.

Jumanne ni siku ya kliniki ya presha na sukari. Mgonjwa haendi, hawezi. Anakwenda mtoto na kadi, anapanga foleni toka saa kumi na mbili asubuhi, na akifika dirishani kuna siku huambiwa dawa zimeisha aje Jumanne ijayo, na kuna siku huambiwa dawa hazitolewi kwa mtoto, aje na mtu mzima. Mtu mzima wa nyumba ile ni huyo aliyelala. Ijumaa ni gulio. Siku hiyo anauza machungwa ya jirani, na kinachobaki hununua glavu, sabuni, na ile nepi ya wakubwa ambayo kwa bei yake huvaliwa usiku tu.

Tulipokuwa tunaondoka alinisindikiza hadi njia panda. Nikamuuliza, mbona hukuniambia? Hakuwa na hasira. Alinijibu kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: "Ningesema nini, mwalimu? Mama ni wangu."

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kata yetu sisi, yenye bendera na mhuri, haikuijua. Wala si kweli kwamba hakuna aliyejua chochote. Mimi nilijua kuna mtoto hayupo Jumanne. Mtoa dawa alijua kuna mgonjwa wa kiharusi ambaye dawa zake hufuatwa na mtoto mwenye sare ya shule. Mtendaji alijua nyumba ilipo. Kila mmoja alishika kipande chake, na sisi sote watatu ni watumishi wa halmashauri moja, tunapanga foleni kwenye benki moja mwisho wa mwezi. Waziri wa TAMISEMI, hilo ni lako kabla ya wenzako. Habari za mtoto huyu zilikuwepo zote. Hazikuwa na mahali pa kukutana.

Na kuna jambo ambalo ningependa kulificha. Tangu siku ile ya Agosti nilijua. Hata hivyo Septemba, Oktoba na Novemba niliendelea kumwandikia nyekundu, kwa sababu rejesta haina rangi nyingine.

Aibu yangu ni kubwa kuliko ya wenzangu, maana mimi nilipaswa kumtambua kwa kumtazama tu. Mwaka 1998 nilikuwa darasa la sita, Korogwe, mama yangu alipoanguka jikoni na mwiko mkononi. Majirani walisema amepitiwa na upepo mbaya, zikapotea siku mbili kwa mganga wa kienyeji kabla hatujafika hospitali. Siku ya kuruhusiwa nesi alisimama miguuni pa kitanda akasema maneno ambayo naweza kuyarudia mpaka leo: "Muwe mnamgeuza kila baada ya saa mbili. Muwe mnamsafisha na kumkausha vizuri. Muwe mnamnyoosha mkono na mguu." Shangazi akaitika, "Sawa, nesi." Mimi nilikuwa nimeshika beseni. Wiki ya tatu shangazi alirudi kwake, naye ana wanawe na shamba lake, simlaumu. Ikabaki ile "m". Kiswahili ni lugha ya adabu. Kwa herufi moja tu kinaweza kuwatwika watu kumi mzigo ambao utabebwa na mmoja. Mnamgeuza. Nilikuwa na miaka 12, na wingi wote ule ulikuwa mimi.

Nilijifunza kwamba mtu mzima hageuzwi kwa nguvu, anageuzwa kwa kanga. Unaipitisha chini ya kiuno, unaivuta kwako taratibu, magoti yako yameegemea kitanda. Nilijifunza kwamba uji unapitishwa kwenye pembe ya mdomo iliyo hai, nusu kijiko, halafu unasubiri uone koo limepanda na kushuka. Usiku nilifunga kamba ya katani toka kwenye mkono wake mzima hadi kwenye kifundo cha mguu wangu, ili akitaka haja avute. Kuna usiku alivuta mpaka nikalia. Kuna usiku hakuvuta kabisa, alijizuia ili nilale, na alfajiri nikakuta kitanda kimelowa naye ananitazama kwa woga, mama yangu, ananiogopa mimi, nikamkaripia. Sasa nina binti wa miaka 12 nyumbani. Kila nikimwona amelala, karipio lile hunirudia.

Siku ya kwanza nilipomwogesha alijifunika kanga usoni. Hatukulizungumza siku ile wala baadaye. Tuliafikiana kimyakimya: mimi sitazami, yeye hasemi. Na mimi nilikuwa mtoto wa kike. Kijana wangu wa Kidato cha Pili ni wa kiume. Naomba msome sentensi hiyo mara mbili, maana adabu yetu yote ya pwani imejengwa juu ya kuamini kwamba jambo hilo halitokei, na kwa kuwa halitokei, hakuna wa kumsaidia linapotokea.

Shuleni nilikuwa mchelewaji. Wenzangu wako mchakamchaka, mimi bado niko kisimani. Viboko viwili vya mwalimu wa zamu nikawa navihesabu kama nauli: unalipa, unaingia. Aliyeniokoa ni mwalimu mmoja wa Hisabati ambaye hakuniuliza kitu. Alisema tu, "Wewe ukifika, ingia. Usipite ofisini." Kisha akampa jirani yangu wa dawati karatasi ya kaboni, awe anaitia chini ya ukurasa anaponakili. Huo ndio msaada wote niliopata kutoka serikalini kwa miaka mitatu, na nina hakika serikali haikujua kwamba imeutoa.

Mama alifariki mwaka 2001. Haikupita wiki baada ya arobaini, jina langu likaingizwa kwenye orodha ya yatima. Nikapewa sare na madaftari, ada ya mwaka ule nikasamehewa. Nilishukuru, na nashukuru hata leo. Lakini tazameni mpangilio wake, waheshimiwa. Miaka mitatu ambayo nilikuwa silali, sikuwa kwenye orodha yoyote. Nilipoanza kulala usiku kucha, ndipo nikaonekana.

Mpangilio huo haujabadilika. Fomu ninazojaza kila mwaka zina safu ya yatima na safu ya wenye ulemavu. Kuna na lile neno "mazingira hatarishi", ambalo ni kama gunia la gulioni: kila kitu kinatiwa humo, na anayelibeba hajui kabeba nini. Mtoto ambaye mzazi wake yuko hai, kitandani, na yeye ndiye mikono na miguu ya mzazi huyo, hana safu. Na si kwamba lugha imetupungukia. Neno tunalo, kuuguza, na kila mtu mtaani analielewa. Ukiuliza mbona fulani haonekani siku hizi, ukijibiwa "anauguza," unanyamaza na unafikiria utapeleka nini, kilo ya sukari au mkaa. Mtu mzima akilisema kazini anapewa ruhusa. Mtoto akilisema halina pa kuandikwa.

Wa rika langu watasema hayo yalikuwa mambo ya enzi za Ukimwi. Kweli, ugonjwa ule, uliogundulika nchini kwa wagonjwa watatu wa kwanza mkoani Kagera mwaka 1983, ndio uliotufundisha kuwa mtoto anaweza kuwa mkuu wa kaya. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004 wazazi wengi waliinuka, nasi tukadhani vile vitanda vimebaki vitupu. Vimelaliwa na wengine. Kiharusi, sukari, figo, saratani ya mlango wa kizazi, uzee wenyewe. Na magonjwa haya hayana haraka. Mtoto anaweza kuanza kuuguza yuko darasa la nne akamaliza akiwa na ndevu.

Sijaandika ili mtoto akatazwe kumuuguza mama yake. Akija mtu na gari la kumchukua kijana wangu ampeleke kwenye makao ya watoto, nitamficha kwangu mimi mwenyewe. Hofu ya kutenganishwa ndiyo inayowafunga midomo, na anayetaka kuwasaidia aanze kwa kuwatoa hofu hiyo. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2003, unasema katika Ibara ya 31 kwamba mtoto ana wajibu wa kuwasaidia wazazi na wakubwa wake wanapohitaji. Ndivyo nilivyolelewa na ndivyo ninavyolea. Ila ibara hiyo ina sharti mlangoni: kulingana na umri wake na uwezo wake. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 12, inakataza kumtumikisha mtoto shughuli inayodhuru afya au elimu yake. Sawa, na mshtakiwa hapa ni nani? Yule mama? Ndiyo maana mimi nakishika zaidi kifungu cha 94, kinachoipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto aliye katika eneo lake. Kifungu hicho hakihitaji mkosaji. Kinahitaji mtu wa kubisha hodi.

Waziri wa Afya, kwako nina swali moja tu la kuongezwa siku mgonjwa anaporuhusiwa kutoka wodini: nani atamuuguza nyumbani, na ana umri gani? Swali la aina hiyo mnalijua. Mgonjwa wa kifua kikuu tangu mwaka 2006 anachagua mwenyewe kama atatumia dawa zake nyumbani, naye humtaja mtu wa kumsimamia. Kwenye kliniki za VVU pia hutajwa msaidizi wa mgonjwa. Mgonjwa wa kiharusi yeye huambiwa "muwe mnamgeuza" na kukabidhiwa kadi. Tena mgonjwa wa VVU ambaye hali yake imetulia anaweza kupewa dawa za miezi 3, hata 6 kwa mkupuo. Dawa za presha na sukari zikitolewa hivyo, kijana wangu anarudishiwa karibu Jumanne zake zote, bila kuajiri mtu wala kujenga kitu. Na mwenyekiti wa kijiji akiandika barua ya kumtambulisha mtoto kuwa ndiye mfuata dawa, dirishani asirudishwe.

Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii mliouzindua Januari 2024 unalenga kuwa na wahudumu 137,294 ndani ya miaka 5. Hao wanaingia mpaka chumbani, mahali ambapo mwalimu hafiki. Wafundisheni kumtazama na aliyesimama kando ya kitanda. Wampe glavu. Wamwonyeshe ile kazi ya kanga, ambayo mimi niligundua baada ya miezi minne ya kuumia mgongo. Na wamwambie waziwazi kwamba kidonda cha mgongo kikitokea si yeye aliyemuua mama yake. Mimi mpaka naingia chuo cha ualimu hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo.

Waziri wa Elimu, Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliwafungulia mlango wanafunzi walioacha shule warudi. Hapa kwetu walirudi wasichana wawili, na siku ile niliona fahari kuwa mwalimu. Lakini waraka ule unamngoja mtoto atoke kwanza ndipo umrudishe. Wangu hajatoka. Anatoka Jumanne moja moja. Mtihani wa upimaji wa Kidato cha Pili alivuka kwa kuchungulia, sasa yuko Kidato cha Tatu, na mwalimu wake mpya wa darasa ameshaanza kumwandikia.

Miaka michache nyuma nilikuwa na binti aliyepata daraja la kwanza. Kwa sekondari ya kata, hiyo ni siku ya pilau. Akapangiwa Kidato cha Tano, bweni, mkoa mwingine, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Alikuwa anaishi na bibi yake asiyeona, wawili tu. Aliletwa pale akiwa darasa la pili "akamsaidie bibi", kama tunavyosema wote bila kufikiria tunasema nini. Tukaandika barua abadilishiwe, aje shule ambayo anaweza kulala nyumbani. Barua ya kwanza, ya pili, mpaka muda wa kuripoti ukaisha na nafasi ikapewa mwingine. Sasa ana genge la nyanya na dagaa. Wateja wanasema "huyu alikuwa na akili sana, sijui kwa nini kaamua kukaa nyumbani." Kaamua! Mwanafunzi anayeuguza apangiwe shule ya karibu tangu siku ya kupanga, kwa barua ya mkuu wa shule yake, isiwe jambo la kuombewa huruma baadaye.

Na hapo kuna kitu kinachonishangaza. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inamtambua mwombaji ambaye mzazi wake ana ulemavu, mradi fomu ithibitishwe na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Kumbe serikali inaweza kumtambua mtoto huyu, ila akishafika umri wa kwenda chuo kikuu na akiwa amefaulu. Afikeje huko?

TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, najua ina mkubwa wake ambaye hayumo kwenye barua hii, lakini mnakaa naye baraza moja, mfikishieni. Kaya ya kijana wangu imo kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini. Sehemu ya ruzuku inafungamana na mahudhurio ya watoto shuleni, na nia yake ni njema, imewaleta wengi darasani. Kwa huyu mambo yanazunguka kinyume. Anakosa shule kwa kuwa anauguza, ruzuku inapungua kwa kuwa kakosa shule, glavu na nauli zinakosekana kwa kuwa ruzuku imepungua, na anakosa shule tena akihangaika gulioni. Mwaka jana aliyekuwa akitoa taarifa za mahudhurio yake ni mimi. Mara mbili nimeandika kwamba alikuwepo. Nalisema hapa hadharani, na mkitaka kunichukulia hatua, halmashauri wanajua ninapopatikana. Lakini mwalimu asingelazimika kuchagua kati ya uongo na nepi ya mgonjwa.

Waziri wa Maendeleo ya Jamii, watu wako wa ustawi wa jamii ni wachache na wanatembea mbali, nawaona. Simu ya 116 ni nzuri kwa mtoto anayeonewa. Huyu haonewi na mtu. Anachohitaji ni mtu mzima mmoja wa kumpokea, nusu siku mara mbili kwa wiki, jirani aliyefundishwa na kulipwa kidogo, ili yeye akae darasani bila kusikiliza kama kuna anayemwita. Wenzetu Zanzibar walianza Pensheni Jamii Aprili 2016, sh. 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, ikaja kupandishwa hadi 50,000. Mnaweza kuiita pensheni ya wazee. Mjukuu anayemuuguza bibi anajua na yeye imo yake.

Wale waliovuka miaka 18 wamesahauliwa zaidi, kwa kuwa hata neno mtoto halituamshi tena. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ina fungu la vijana, lakini inataka kikundi, vikao, na mtu anayeweza kutoka nyumbani. Mwenye mgonjwa hawezi kukaa kikao cha saa tatu.

Wala msinielewe kwamba safu kwenye rejesta ni dawa. England waliiweka kwenye takwimu za shule zao mwaka 2023, na shule nyingi zikajaza sifuri. Hao watoto wapo. Hakuna aliyewauliza, au waliulizwa wakajibu kama wetu, kwamba walikuwa na udhuru.

Mimi nimeanza. Kwenye rejesta ya mwaka huu nimechora kwa penseli, pembeni kabisa, safu nyembamba, na juu yake nimeandika herufi K. Siku ya kwanza ya muhula nililieleza darasa maana yake. Nikawasimulia ile kamba ya katani, ambayo sijawahi kumsimulia mtu nje ya nyumba yangu, nikasema atakayetaka aje, wakati wowote, hata kwa kikaratasi. Nilitegemea mmoja. Kufikia mwisho wa mwezi walikuwa 7, katika darasa la wanafunzi 58. Mmoja wao ni kiranja wangu, ambaye mwaka mzima uliopita nilidhani anachelewa kwa maringo.

Wathibiti ubora wa shule wakija watasema nimechafua rejesta ya serikali, na kwa mujibu wa kanuni watakuwa sahihi. Nawaomba mnijibu kabla hawajafika: niifute, au niipitishie wino?

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa darasa, Kidato cha Pili

Nakala: Afisa Mtendaji wa Kata, aliyeuchomoa ule wito ukutani akauweka mfukoni bila kusema neno.